Kabla Fundi Hajafunika: Kukamata Makosa ya Ujenzi Nyumba Ikiwa Bado Inapanda (Saiti ya Kigoma)

Haya wadau mambo vipi, karibuni tena, leo tupo Kigoma, mwisho wa reli, huku Mwanga kwenye miinuko, na hili boma mnaloliona nyuma yangu limefika lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Mwenye nyumba yupo Dar, fundi yupo, simenti ipo, na ufa upo. Dogo sogeza kamera hapa, kona ya dirisha. Mnauona unavyoshuka? Fundi anasema "hiyo plasta itaziba". Sasa hiyo sentensi ndio imenifanya niwashe kamera.

Maana kwenye ujenzi kila hatua inafunika ya nyuma yake. Msingi unafunikwa na kifusi, nondo zinafunikwa na zege, tofali linafunikwa na plasta, mabomba yanafunikwa na tailizi, halafu rangi inafunika wote. Kwahiyo kosa lina dakika zake za kuonekana, zikipita hapo mpaka ubomoe. Leo nawaonyesha uangalie nini, lini, na ukilikuta kosa unalifanyaje na unaongeaje na fundi bila kurushiana makoleo.

Beba hivi: tepu, timazi, pima maji, uzi, nyundo, msumari wa inchi nne, chupa ya plastiki ya kuonea ndani, mzani wa kuning'iniza ule wa sokoni, penseli na simu yenye chaji. Hakuna kifaa cha ajabu hapo.

Twende hatua ya kwanza, na hapa nitakaa sana kwasababu Kigoma hapa ndio nyumba nyingi zinapoumwa. Viwanja vya huku vingi ni mteremko. Sasa fundi anafanyaje, anachimba upande wa juu ule udongo anaumwaga upande wa chini, kiwanja kinakuwa sawa kinapendeza unatumiwa picha unafurahi. Ila hapo nusu ya nyumba yako inaenda kukaa kwenye udongo wa asili uliokaa miaka yote, na nusu nyingine kwenye kifusi cha juzi. Mvua ikinyesha kifusi kinashuka, udongo wa asili haushuki, nyumba inachanika katikati yao. Na huu ufa wa hapa ukiufuata kwa jicho mpaka chini unaangukia palepale kifusi kinapoanzia, njoo dogo, angalia rangi ya udongo inavyobadilika.

Kujua ni rahisi. Mtaro wa msingi ukishachimbwa, kabla ya jiwe hata moja kuingia, chukua kipande cha nondo ya mili 12 simama kwenye sakafu ya mtaro uisukume chini kwa mkono, halafu ugonge kidogo na nyundo. Kwenye udongo wa asili mgumu inakataa, kwenye kifusi inazama unaiona. Fanya hivyo kila baada ya hatua mbili tatu mtaro mzima, hasa kona za upande wa chini. Ikizama, mtaro uendelee kuchimbwa mpaka udongo wa asili, na kwasababu ni mteremko basi msingi unapangwa ngazi ngazi, kila ngazi imelala sawa na pima maji, sio mtaro unaolala na mlima. Ndio, mawe yataongezeka na simenti itaongezeka, lia sasa hivi.

Kama umeshachelewa kama mwenzetu wa hapa, usipige plasta. Chukua penseli weka alama pale ufa unapoishia juu na chini, andika tarehe pembeni, pima upana katikati, piga picha tepu ikiwepo kwenye picha. Kisha gundisha kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, kishike pande zote mbili na simenti. Kioo kikipasuka nyumba bado inatembea. Kisipopasuka wiki kadhaa hata miezi, na mvua imenyesha hapo katikati, basi imetulia. Vinyufa vyembamba vya plasta ambavyo hata ukucha hauingii mara nyingi ni plasta kukauka haraka, usilale macho. Ufa unaopanda ngazi ngazi kufuata maungio ya tofali, au wa mshazari kwenye kona ya dirisha, au umefika mili 5, au upande mmoja umetokeza kuliko mwingine, huo muite injinia, injinia kabisa sio fundi mwingine.

Na kabla ya kutibu ufa tibu maji. Huku mvua zinaanza kama Oktoba zinaenda mpaka Mei, na maji yote ya majirani wa juu yanakuja kwako. Chimba mfereji upande wa juu wa nyumba uyakate maji uyazungushe yashukie pembeni, usiyaelekeze kwa jirani wa chini maana hapo umehamisha kesi tu. Kama kuna ukuta wa kuzuia udongo, angalia una vitobo vya kutolea maji chini na nyuma yake kuna kokoto. Ukuta usio na vitobo maji yanajaa nyuma yake na siku moja unalala. Ukishayatoa maji, ukashuhudia ufa umetulia, ndio mnachimbua ule mstari, mnafunga vyuma kukatiza ufa, mnaziba.

Hatua ya pili vifaa, hapa tunapita chapchap. Mchanga weka kwenye chupa hadi nusu, jaza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, uache utulie masaa kadhaa. Mchanga unakaa chini, ule udongo laini unakaa juu kama mkanda. Huo mkanda ukipita kama asilimia 8 ya kimo cha mchanga, rudisha lori, au uoshwe. Simenti minya mfuko kwenye kona, ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole hiyo imeshakula unyevu. Tofali za kuchoma gonganisha mbili, zilizoiva zinalia kwa mlio mkali, mbichi zinatoa sauti ya bubu. Loweka moja kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi kama imeanza kumomonyoka basi tanuri lote lina mashaka.

Nondo sasa, hapa watu wanapigwa mchana kweupe. Nondo imeandikwa mili 12 lakini ukiipima ina mili 10 na kitu. Sasa sikia, mili 12 halisi ina kilo 0.888 kwa kila mita. Mili 10 ni kilo 0.617, mili 16 ni karibu kilo 1.58. Pima urefu wa nondo, iweke kwenye mzani, gawanya uzito kwa urefu. Nondo ya mita 12 ya mili 12 inatakiwa iwe na kilo kumi na nusu hivi na zaidi kidogo, ukikuta kilo nane usibishane na muuza duka kwa mdomo, mwonyeshe mzani. Na ukague zikiwa bado kwenye gari, zikishashushwa na risiti ikakunjwa inakuwa hadithi nyingine.

Hatua ya tatu zege. Siku ya kumwaga zege mwenye nyumba uwepo au umtume mtu anayeogopeka. Kabla halijamwagwa ingiza jicho ndani ya foma, zile mbao zinazoshikilia zege: nondo zisiguse ubao, ziwe zimekalia biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuzitenga na ubao, na nafasi kati ya nondo na ubao kwenye msingi wa zege acha mili 50 hivi, nguzo mili 40. Nondo zinapoungana zipishane sentimita 50 mpaka 60 kwa mili 12, nimeshakuta zimepishana kiganja kimoja zimefungwa na waya kwa madoido. Kwa nyumba ya kawaida wengi wanatumia mchanganyo wa moja, mbili, nne, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, lakini kipimo kiwe ndoo au boksi, ukiona wanapima kwa koleo simamisha. Na maji! Vijana wanapenda zege jepesi kama uji kwasababu linasukumika bila jasho, ila kila ndoo ya maji ya ziada inakula nguvu ya zege, na likikauka linaacha vinyweleo. Likishamwagwa limwagiliwe siku 7 angalau, asubuhi na jioni, lifunikwe na magunia au mchanga uliolowa. Maji ya kumwagilia ndio kitu cha bei rahisi kuliko vyote saiti na ndicho kinachoibwa zaidi.

Foma ikitolewa ukakuta zege lina mashimo mashimo kokoto zinaonekana, usikubali fundi apake simenti juu juu "kupendezesha". Gonga na nyundo pale. Sauti ikiwa tupu, chimbua yote iliyolegea mpaka ufike zege gumu, osha, lowesha, paka uji mzito wa simenti, halafu jaza kwa mchanganyo mkali wa moja kwa tatu, simenti moja mchanga tatu, ukishindilia. Ila kama ni nguzo na nondo zinaonekana, simama hapo mpaka injinia aone, nguzo nyingine dawa yake ni kuvunjwa tu na kuvunja nguzo moja leo ni nafuu mno.

Ukuta ukipanda, shusha timazi kila baada ya kozi kadhaa, yaani mistari ya tofali, na sio siku ya mwisho. Vyumba pima pembe kwa pembe, mishazari miwili ikilingana chumba kimekaa mraba, isipolingana utaijua siku ya kuweka tailizi. Kichwa cha lenta kikalie ukuta sentimita 20 kila upande wa dirisha. Mimi napenda lenta izunguke nyumba nzima isikatike, wengine wanaona ni kuchoma hela, lakini huku tumekaa kwenye bonde la ufa jamani, tarehe 5 Desemba 2005 ziwa Tanganyika lilitikiswa na tetemeko la 6.8. Nyumba iliyofungwa mkanda juu inatikisika ikiwa kitu kimoja.

Paa nitalitengenezea video yake, kwa leo kumbuka mawili: geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwahiyo geji 30 sio bora kuliko 28, na msumari unapigwa kwenye mgongo wa bati, ukiupiga kwenye bonde umeshatoboa njia ya maji. Mabomba nayo, kabla ya plasta na tailizi yajazwe maji yafungwe yalale usiku, asubuhi uangalie yamepungua au kuna ukuta umelowa. Sakafu ya bafu mwaga ndoo moja ya maji, kama yanaenda mlangoni badala ya kwenye tundu, plani ya fundi ni wewe uoge ukiwa sebuleni.

Sasa tuje kwenye kuongea na fundi, maana umeshaliona kosa, unafanyaje?

Kwanza usimgombeze mbele ya saidia fundi wake. Ukimwaibisha atatetea kosa mpaka kesho. Mvute pembeni, "fundi wangu njoo tuangalie wote hapa", shusha timazi yeye akiwepo, mwache asome mwenyewe. Wengi wakiona wanakubali. Mkikubaliana andikeni kwenye daftari la saiti: kosa gani, liko wapi, linarekebishwa vipi, lini, simenti ya kurudia anatoa nani, mnasaini. Hiyo ya simenti ya kurudia ndio inavunja urafiki, kwahiyo iwekwe kwenye mkataba mapema: kosa la ufundi gharama ya fundi, kosa la vifaa ulivyoleta wewe gharama yako, na ukibadilisha ramani katikati ya kazi hilo nalo ni lako.

Pili pesa. Lipa kwa hatua, msingi, boma, lenta, kupaua, plasta, na kila hatua ilipwe baada ya kukaguliwa sio kabla. Kila malipo bakiza kidogo, mimi huwa naweka asilimia 10, na fundi aambiwe tangu siku ya kwanza, usimshtukize mwishoni ukamfanya aone umemdhulumu. Mkataba hata wa karatasi moja ya daftari, mashahidi wawe wawili, na mwenyekiti wa mtaa akipiga muhuri inasaidia kuleta heshima.

Wewe uliye mbali, picha ya "kazi inaendelea bosi" sio ukaguzi. Omba picha yenye tepu ndani yake, omba video timazi ikiwa imening'inia, omba nondo kwenye mzani. Ndugu yako hatakuwa injinia lakini kushika tepu anaweza. Na tafadhali mlipe nauli, shemeji anayekagua bure anakagua kwa simu akiwa Ujiji.

Fundi akigoma kabisa kurekebisha, simamisha kazi. Usiendelee kujenga juu ya ugomvi. Leta injinia aandike ripoti fupi yenye picha, mlipe fundi kazi iliyo sawa aliyofanya, muachane kwa maandishi. Kama ulimpa kazi mkandarasi aliyesajiliwa malalamiko yanapelekwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kama una kibali cha ujenzi cha manispaa ya Kigoma Ujiji basi una mahali pa kuanzia kwa watu wao wa ujenzi. Kama huna kibali, hapo ndio unajua kwanini kilihitajika.

Siku ya kukabidhiwa tembea chumba kwa chumba na daftari, fungua kila mlango, washa kila swichi, vuta maji kila choo, gonga tailizi moja moja na sarafu, inayolia tupu weka alama ya chaki. Na ile asilimia 10 usiitoe siku hiyo. Subiri mvua kubwa za kwanza zipite juu ya hilo paa na kwenye huo mteremko, kagua tena, rekebisheni, halafu mpe fundi hela yake yote na soda juu.

Hapa sasa tunachimba pembeni ya hii kona kuangalia kifusi kinaenda chini kiasi gani, majibu nitayaweka kwenye video ijayo. Andika kwenye koment umefika hatua gani na kiwanja chako kimeinama upande upi.