Punje Hamsini za Ngano: Mhadhara Kuhusu Chakula cha Kesho

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza, asanteni.

Hapa mezani mnaona karatasi iliyoviringishwa kama mkeka, imeloa, imefungwa kwa uzi. Ndani yake mna punje 50 za ngano ya zamani kutoka ghala la mbegu, ambayo siku hizi hakuna anayeilima kwa biashara. Nilizipanga mistari siku 8 zilizopita, nikaiviringisha karatasi na kuisimamisha kwenye chombo chenye maji kidogo. Tangu hapo sijaifungua. Tutaifungua pamoja kabla ya kuondoka.

Mada niliyopewa ni pana: uhakika wa chakula duniani na mustakabali wa kilimo. Mada hii ikitajwa, watu huuliza kwanza jinsi tutakavyozalisha chakula cha kutosha. Novemba 2022 tulifika watu bilioni 8, na makadirio ya Umoja wa Mataifa yanaonyesha tutavuka bilioni 10 kabla ya karne hii kwisha. Swali ni la haki. Lakini mwaka 2024, kwa hesabu za mashirika ya Umoja huohuo, watu wapatao milioni 673 walikuwa na njaa, ilhali mwaka 2022 chakula kilichotupwa majumbani, madukani na mikahawani kilizidi tani bilioni 1. Mchumi Amartya Sen aliichambua njaa ya Bengal ya mwaka 1943 akatuonyesha kwamba watu wanaweza kufa njaa na chakula kipo, kwa kuwa hawana njia ya kukipata. Hapo nawaachia wachumi. Mimi ni mtu wa mbegu, na nililojia leo ni hili: chakula cha dunia kinaning'inia kwenye nyuzi chache mno, na sisi wenyewe ndio tunaozipunguza.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa hesabu mwaka 2019. Binadamu amewahi kulima aina za mimea zipatazo 6,000 kwa ajili ya chakula. Leo zenye mchango wa maana hazifiki 200, na 9 tu zinatoa thuluthi mbili ya mazao yote ya shambani kwa uzito. Ngano, mchele na mahindi peke yake vinatupa karibu nusu ya nguvu tunayoipata kutoka kwenye mimea.

Huko ni kuhesabu mazao. Ingia ndani ya zao moja ndipo utaogopa. Ireland, mwaka 1845, maskini walikuwa wakiishi kwa viazi, na wengi wao walipanda aina moja iliyoitwa Lumper. Kiazi hupandwa kwa kiazi, kwa hiyo kila shina lilikuwa nakala ya shina la jirani. Ugonjwa uliopata njia ya kuingia shina moja ulikuwa umepata njia ya kuingia yote. Majani yalianza na madoa meusi, baada ya siku chache shamba zima likanuka uozo, na waliochimba walitoa ute badala ya viazi. Watu wapatao milioni 1 walikufa, wengine zaidi ya milioni wakahama. Tena nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa kutoka Ireland kwenda Uingereza miaka hiyohiyo, kwa hiyo msidhani nausingizia ugonjwa dhambi zote. Lakini ugonjwa ulikuta mlango uko wazi.

Unaweza kusema hayo ni ya wakulima wa zamani wasio na elimu. Basi nenda Marekani, mwaka 1970. Kampuni za mbegu zilikuwa zimepata njia ya kutengeneza mahindi chotara bila kazi ya kung'oa mbelewele kwa mikono, na njia hiyo ikaingizwa katika sehemu kubwa mno ya mahindi ya nchi nzima. Hakuna aliyejua kwamba sifa ileile iliyorahisisha kazi ilikuwa imeufungulia njia ugonjwa wa baka la majani. Msimu mmoja, asilimia 15 hivi ya mahindi ya nchi yote ikapotea. Wenye elimu, mashine na fedha waliingia shimo lilelile.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya mchele. Miaka ya 1960, taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino ilitoa aina fupi zenye mavuno makubwa, zikasambaa Asia. Kisha kikaja kirusi kinachodumaza mpunga, kinachobebwa na mdudu mdogo afyonzaye utomvu. Shina linabaki fupi, linatoa majani mengi kama nyasi, wala halitoi suke la maana. Watafiti wakaanza kutafuta mpunga unaokihimili. Walipima sampuli zaidi ya 6,000 zilizokuwa kwenye ghala lao la mbegu. Fikiria kazi hiyo: kupanda, kuachia wadudu, kusubiri, kutazama jani moja baada ya jingine, kuandika "hapana", na kurudia. Mwishowe kinga ikapatikana kwenye mpunga pori mmoja kutoka India, *Oryza nivara*. Mmea huo haufai kwa chakula. Punje zake hudondoka kabla hujavuna, na mkulima akiuona shambani huung'oa kama gugu. Wakauzalisha na mpunga wa kawaida, kizazi baada ya kizazi, mpaka mwaka 1976 ikatoka aina iitwayo IR36, ambayo ililimwa kwa mamilioni ya hekta. Nikiifikiria hadithi hii husimama kwa yule mtu, ambaye simjui, aliyeinama kandoni mwa shamba akachuma gugu, akalitia kwenye bahasha na kuandika mahali alipolitoa.

Siwadharau waliotuletea mbegu za mavuno makubwa. Norman Borlaug, mtafiti wa Kimarekani aliyezalisha ngano fupi yenye mavuno makubwa, alistahili Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Ngano yake iliwalisha watu ambao wangekufa. Ila ufupi wa ngano ile, uliozuia shina kuanguka kwa uzito wa suke, ulitoka kwenye mbegu ya Kijapani, Norin 10. Hata mafanikio tunayoyasifu yalikopa kwenye hazina ileile tunayoiacha iishe.

Kijana mmoja aliniuliza majuzi: mwalimu, si sasa tunaweza kuhariri jeni maabara? Kwa nini tuhangaike na mbegu za mababu? Nilimjibu kwamba maabara inajua kuandika, lakini ya kuandikwa inayatoa kwa mimea. Mpunga wa kawaida ukifunikwa na mafuriko kwa wiki mbili hufa. Ulipatikana mpunga wa kienyeji kutoka Odisha, India, ambao ukizamishwa huacha kurefuka, hutulia na kutunza nguvu zake mpaka maji yapungue. Wanasayansi walikuja kuitambua jeni yake, wakaihamishia kwenye mpunga unaopendwa, na leo inalimwa kwenye mabonde yanayofurika. Hakuna aliyeibuni jeni ile mezani. Ilitunzwa na wakulima walioishi na mafuriko na kuendelea kupanda kilichosalia.

Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Kirusi, alilielewa hili mapema. Alizunguka mabara matano akikusanya mbegu, akaanzisha Leningrad, ambayo leo ni St. Petersburg, hazina iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani kwa wakati wake. Mwaka 1940 serikali ya Stalin ilimkamata, na Januari 1943 akafia gerezani Saratov, amedhoofika kwa kukosa chakula. Wakati huo Leningrad nayo ilikuwa imezingirwa na jeshi la Ujerumani, na wenzake walikuwa wamejifungia na mbegu katika baridi na giza. Kulikuwa na mpunga, ngano, njugu, viazi. Hawakula. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga, alikufa kwa njaa akiwa amezungukwa na maelfu ya pakiti za mpunga. Nimewasimulia wanafunzi kisa hiki miaka mingi, na bado sijapata namna ya kukisimulia bila kunyamaza kidogo baadaye.

Siku hizi tuna ghala la mbegu la Svalbard, Norway, lililochimbwa ndani ya mlima wa mwamba ulioganda na kufunguliwa mwaka 2008. Linatunza sampuli zaidi ya milioni 1 kwa nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Wa kwanza kurudi kuchukua alichoweka alikuwa ICARDA, kituo cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu kilichokuwa karibu na Aleppo, Syria. Vita vilipowafukuza, mwaka 2015 waliomba sehemu ya mbegu zao, wakazipanda Lebanon na Morocco, wakavuna, na kuanzia 2017 wakarudisha nyingine ghalani.

Angalieni walichofanya: walizipanda. Mbegu iliyoganda haijifunzi kitu. Huko nje ugonjwa unabadilika; kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998 ilishinda kinga ambayo ngano nyingi duniani ziliitegemea. Kwa hiyo mkulima mdogo anayepanda aina nne au tano kwenye kishamba chake anaifanyia dunia nzima kazi ambayo ghala haliwezi. Na tunamlipa nini? Katika nchi nyingi sheria ya mbegu inataka kila aina isajiliwe, na ili isajiliwe lazima mimea yake ifanane. Mbegu ya asili uzima wake ni kutofanana. Sheria ya namna hiyo inamfanya mkulima mkosaji akiuza mbegu ya bibi yake. Hili nalipinga bila kumung'unya maneno. Upo Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 2001 kuhusu rasilimali za mimea, unaotaja haki za wakulima. Nchi zilizousaini ziingize haki hizo kwenye sheria zao, na benki za mbegu zipewe bajeti ya kudumu badala ya kungoja wafadhili.

Sasa tuifungue karatasi. Sogeeni. Hizi zenye mzizi mweupe na kijani kidogo zimeota sawasawa. Hii imetoa mzizi uliojikunja, haihesabiwi. Hii imeota ukungu. Nihesabieni… 36, 37, 38. Zilipowekwa ghalani zilipimwa hivihivi, na kati ya 50 ziliota 48. Kanuni ya benki za mbegu ni kwamba uotaji ukishuka chini ya asilimia 85 ya ule wa mwanzo, mbegu zisiachwe tena ghalani. Asilimia 85 ya 48 ni 41 hivi, na sisi tumepata 38. Maana yake ngano hii lazima ipandwe shambani msimu huu, ikiwa bado ina nguvu. Zilizobaki ghalani zinajaa kiganja kimoja tu.

Anayetaka kuona karibu apite mbele, na mwenye swali aulize.