Kikombe Chako cha Kwanza cha Udongo, Bila Gurudumu

Karibu karakanani, mtazamaji wangu. Niko hapa chuoni Nairobi, kwenye meza ileile niliyoanzia somo la ufinyanzi muhula uliopita, na leo tutafinyanga kikombe kimoja pamoja. Najua macho yako yameshakimbilia lile gurudumu pale nyuma. Liache kwanza. Anayeanza kwa mikono hujifunza unene wa ukuta, unyevu na maungio, na hayo matatu atayahitaji siku atakapoketi kwenye gurudumu.

Vua pete, kunja mikono ya shati. Udongo huu tumeununua ukiwa tayari, umechanganywa na chenga za vigae vilivyosagwa ili usisinyae kupita kiasi. Kama unakaa upande wa Embakasi, usichimbe ule mweusi wa nyuma ya nyumba. Hufura ukinywa maji, ukikauka hujikunja. Zile nyufa unazoziona uwanjani wakati wa kiangazi ndizo utakazoziona kwenye kikombe chako.

Kata donge la ukubwa wa chungwa, kama gramu 400. Sasa tunakanda. Tazama kiganja changu: nasukuma mbele na chini, nalirudisha donge, nalizungusha kidogo, nasukuma tena. Kama umewahi kukanda unga wa chapati mikono yako inajua mwendo huu, ila hapa usikunje tabaka juu ya tabaka, maana kila mkunjo hufungia hewa ndani. Fanya mara 40 hivi. Kisha likate katikati kwa waya, uangalie uso wake. Ukiona vishimo, endelea kukanda.

Lifanye tufe. Lishike kwa mkono wa kushoto, uzamishe kidole gumba cha kulia katikati mpaka kibaki kitako chenye unene wa sentimita 1. Finya ukizungusha: finya, zungusha, finya, zungusha. Anzia chini, upande juu polepole. Mgeni wa udongo hufinya mdomo kwanza kwa sababu ndio ulio karibu na vidole, basi mdomo hupanuka na kuwa bakuli, na chini hubaki zito kama jiwe. Mdomo ukianza kupasukapasuka, lowesha ncha ya kidole tu. Maji mengi huulegeza ukuta ukaketi.

Kitako kigongegonge kwa ndani na kwa nje, kishikane vizuri. Hapo ndipo ufa hupenda kutokea.

Sasa tukiongeze urefu. Bingirisha kamba ya udongo mezani, nene kama kidole cha mwisho. Tumia viganja vilivyonyooka, kwa sababu ncha za vidole huacha mabonde. Chanja ukingo wa kikombe kwa uma, chanja na kamba, kisha paka uji wa udongo mzito kama maziwa lala. Kalisha kamba, uikandamize, halafu kwa kidole gumba buruta udongo wa kamba ushuke juu ya ukuta, ndani na nje, hadi usione mstari. Nakuomba usiruke hatua hii. Kamba iliyowekwa tu bila kuchanjwa huonekana imeshika leo, na ikikauka inabanduka nzima.

Kinamama wafinyanzi wa upande wa Nyanza hujenga vyungu vikubwa kwa kamba. Naye Magdalene Odundo, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1950 na ambaye kazi yake imo hadi kwenye British Museum jijini London, hutumia kamba na mikono, bila gurudumu. Namtaja kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kazi ya mikono ni ya watoto. Hebu tafuta picha za vyungu vyake, utazame shingo zile.

Kamba tatu zatosha leo. Lainisha kwa kadi ya zamani ya benki.

Mkono wa kikombe tutaubandika kesho, udongo utakapokuwa umekauka nusu, mgumu kama jibini lakini bado baridi. Mkono na kikombe viwe na unyevu uleule. Kimoja kikiwa kikavu na kingine kibichi, vitasinyaa kwa mwendo tofauti na kuachana. Ndiyo maana tunavifunika. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Agosti 2017, mimi hutumia ndoo ya rangi yenye kifuniko, na kitambaa chenye unyevu ndani yake.

Ukishabandika mkono, kitoe kikombe ndooni na ukiache kikauke kivulini kwa wiki nzima, mbali na dirisha. Mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa baridi, ongeza siku. Usikianike juani. Muhula uliopita nilikuwa na haraka, nikapeleka kikombe kwenye joko, yaani tanuri la kuchomea vyombo vya udongo, kabla hakijakauka. Maji yaliyobaki ndani yaligeuka mvuke, kikapasuka jokoni, na vipande vyake vikaharibu kazi za wenzangu watatu. Niliwaomba radhi mmoja mmoja. Jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, si 100. Mafundi wa joko hulishikilia moto chini ya hapo kwa saa nyingi kabla ya kulipandisha hadi nyuzi 1,000 hivi kwa uchomaji wa kwanza. Kikombe cha sentimita 10 hutoka kikiwa karibu 9, basi kifinyange kikubwa kuliko unavyotaka. Rangi ya kung'arisha tutaipaka baada ya hapo, katika video yake.

Meza ipanguse kwa kitambaa cha maji, usifagie, kwani vumbi la udongo mkavu hudhuru mapafu. Mikono uioshe kwenye ndoo, usitumie sinki. Udongo huziba mabomba.

Namna ya kujua kimekauka ni hii. Hiki nilikifinyanga Alhamisi iliyopita. Nakigusisha shavuni, hivi. Kingekuwa kikavu, shavu lisingehisi baridi. Hiki bado kina baridi. Nakirudisha rafuni mpaka Jumatatu.