Msiisingizie Bahari: Romney, Winchelsea na Bandari Zilizobaki Nchi Kavu

Mwenyekiti amenipa nusu saa, nami nimemwahidi kwamba safari hii sitaanzia Romney. Basi naanzia Romney.

Nendeni New Romney, Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, mkasimame kwenye mlango mkubwa wa magharibi wa kanisa la Mtakatifu Nicholas. Makanisa mengi tuliyoyazoea, unapanda vidato kuingia. Hapa unashuka. Mlango umekaa chini ya barabara, kama mzee aliyezama topeni mpaka magotini. Na Wanormani waliolijenga hawakuwa wajinga wa kujenga shimoni. Kanisa liko palepale lilipowekwa. Ni mji uliopanda. Februari 1287 dhoruba ilisukuma maji, tope na changarawe ikavifukia viwanja, na waliosalia wakaendelea kuishi juu ya tope hilo. Ukiingia ndani, angalia nguzo: madoa ya mafuriko wanakuonyesha mpaka leo.

Mto nao ukahama. Rother ulikuwa ukiingia baharini hapo Romney. Baada ya dhoruba ukawa unaingilia Rye, kama kilomita 15 upande wa magharibi. Mji ambao vyombo vilikuwa vikitia nanga karibu na kanisa, leo uko kilomita 2 hivi kutoka pwani. Bandari bila bahari. Fikirieni nahodha anayeamka asubuhi akute kondoo.

Sasa naona dada pale nyuma anatikisa kichwa: "Mwalimu, si umeshajibu mwenyewe? Bahari ndiyo iliyofanya." Jibu hilo nimelisikia kwenye kila ukumbi niliosimama, na kila mara nalikataa. Msiisingizie bahari!

Mwaka 1258, miaka 29 kabla ya dhoruba hiyo, Mfalme Henry wa Tatu aliruhusu mfereji wa Romney urefushwe. Wenyeji wanauita Rhee. Ulikwenda kama kilomita 12 kutoka Appledore hadi mjini, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuleta maji ya kusukuma tope litoke bandarini. Nani anachimba kilomita 12 kwa jembe na koleo kama bandari yake ni nzima? Mgonjwa alikuwa kitandani zamani. Dhoruba ilikuja kumalizia.

Ugonjwa wenyewe, ninyi mliokulia pwani mtanielewa haraka kuliko Waingereza wa London. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, yanapanda kwenye hori na kutandaa kinamasini. Yakianza kupwa, maji yote yale yanataka kutoka kwa mlango mmoja, kwa nguvu, na yanaufagia mlango huo. Huo ndio ufagio wa bandari, na haulipwi mshahara. Sasa weka tuta. Zungushia kipande cha kinamasi, kikauke, kiote majani, ufuge kondoo. Watawa wa kanisa kuu la Canterbury walifanya hivyo, na wenye ardhi wengine pia, kwa karne nyingi, kwa sababu sufu ilikuwa fedha. Kila kipande kilichozungushiwa tuta ni maji ambayo hayaingii tena. Yasiyoingia hayatoki. Ufagio unapungua nyuzi moja moja, tope linatulia, na siku moja jahazi linakwama mahali baba yako alipopita usiku bila taa.

Mtu ataniambia, kondoo walilisha watu wengi kuliko bandari. Sawa, sijakataa. Nasema tu hesabu iandikwe mahali pake, isibandikwe kwenye paji la bahari.

Na si matuta peke yake. Kwenye maegesho ya Camber, karibu na Rye, mabaharia walikuwa wakimwaga farumi, uzito wa kutuliza meli tupu, majini kabla ya kupakia. Mawe, shehena kwa shehena! Karne ya 16 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kuwakataza. Hapohapo Henry wa Nane alikamilisha ngome yake mwaka 1543 ya kulinda meli. Mwaka 1637 askari waliondolewa. Bahari ilikuwa inawapa mgongo. Leo ngome imesimama katikati ya malisho, inalinda kondoo.

Winchelsea, mji jirani na Rye, nitaipitia mbio. Mnasimuliwa kwamba mji wa kale ulizama 1287, mfalme akaona huruma, akajenga mpya kilimani. Tarehe zinakataa. Edward wa Kwanza alianza kutafuta ardhi ya kilima cha Iham mwanzoni mwa miaka ya 1280, mitaa ikapimwa iliyonyooka kama ubao wa bao, na mji ulikabidhiwa rasmi 1288. Mji wa kale ulikuwa ukibomoka tangu dhoruba za 1250, na watu waliona. Tena walihama na parokia zao: Mtakatifu Thomas na Mtakatifu Giles walikuwa chini, majina yao yakapandishwa juu. Giles ametoweka kabisa. Thomas amebakiwa na upande wa madhabahu tu. Lakini kura za Bunge zilibaki! Mji uliopooza uliendelea kupeleka wabunge wawili Westminster mpaka 1832. Tope halikuzuia hilo.

Nilikuwa na kurasa tatu za Bandari Tano, ule muungano wa miji ya bandari ya pwani hii, na zile meli 57 ilizodaiwa na mfalme kwa siku 15 kila mwaka, lakini naona mwenyekiti anaangalia saa yake kwa namna isiyo ya kirafiki.

Mzee wangu hapo mbele ameuliza kwa sauti, "Na Reculver?" Hapo nakubali, shikamoo. Kule kaskazini mwa Kent bahari imekula kweli: nusu ya ngome ya Warumi imeshaporomoka. Ila kanisa lake, lililoanza mwaka 669, mawimbi hayakulifikia. Kasisi na waumini wake walilibomoa wenyewe mwaka 1809, na mawe mengine yakaenda kujenga kanisa jipya Hillborough. Minara miwili ilipona kwa sababu mabaharia waliitumia kama alama, ndipo Trinity House, wasimamizi wa minara ya taa, wakainunua.

Haya, maswali. Asiniulize mtu kama mji wa Sandwich ndiko ulikotoka mkate wa sandwichi. Jina la mkate lilitokana na bwana mwenye cheo cha mji huo, na mji wenyewe leo uko kilomita 3 kutoka baharini. Mnajua nitakachosema.