Namna ya Kumsaka Kiwavi wa Pembe kwenye Mnyanya

Ndugu mtazamaji, mnyanya huu jana jioni ulikuwa na majani hadi kileleni, na leo asubuhi, kama unavyoona, matawi ya juu yamebaki vijiti vitupu. Hapa Marekani mshukiwa wa kwanza ni kiwavi wa pembe, mtoto wa nondo mkubwa wa kijivu aitwaye Manduca quinquemaculata, ambaye jua linapozama huelea mbele ya maua ukadhani ni ndege chozi.

Usianze kwa kumtafuta kiwavi mwenyewe, kwa sababu ijapokuwa hufikia urefu wa sentimita 10, ukijani wake humficha hata ukamkodolea macho usimwone. Anza na majani ya chini, utafute kinyesi: vipunje vyeusi vyenye mifereji, mfano wa pilipili manga. Ukivikuta vibichi, inua macho moja kwa moja juu yake. Usiku kazi ni nyepesi zaidi, kwani ukimmulika kwa tochi ya miale ya urujuanimno (UV), hung'aa kijani kibichi gizani.

Ukishampata, mtazame ubavuni. Huyu ana alama minane za umbo la V kila upande na pembe nyeusi mkiani; mwenye mistari saba myeupe ya mshazari na pembe nyekundu ni nduguye, Manduca sexta, maarufu kwa kula tumbaku, ingawa nyanya nazo hazimshindi. Pembe hiyo, kwa vitisho vyake vyote, haichomi.

Sasa, kabla ya kumgusa, chunguza mgongo. Ukiona vitu vyeupe vimesimama kama punje za mchele, mwache alipo. Hivyo ni vifukofuko vya nyigu mdogo, Cotesia congregata, ambaye jike lake hutaga mayai ndani ya kiwavi. Mabuu hukua humo, hutoboa ngozi, kisha hufuma vifukofuko hivyo nje. Kiwavi wa namna hii hali tena, na nyigu watakaotoka watawawinda wenzake.

Mgongo ukiwa safi, mshike katikati ya mwili na umvute taratibu, maana hung'ang'ania tawi kwelikweli, kisha umtumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Baada ya mavuno, pindua udongo kwa jembe hadi sentimita 15. Pupa wake, yaani kiwavi anayegeuka kuwa nondo, huyu wa kahawia kiganjani mwangu, mwenye kijikono kilichopinda kama mkono wa birika, hulala humo majira yote ya baridi.