Tiketi ya Coldplay nililipa shilingi ngapi? Nawajibu leo

Habari zenu wapendwa wangu. Leo sijaja na mapishi wala sijatoka kwenda sokoni. Mtoto kalala, mume wangu yuko kazini, nimekaa hapa jikoni nijibu swali moja. Tangu nilipoweka ile video ya shoo ya Coldplay, bendi ya Uingereza, kwenye uwanja wa Wembley huku London, kila nikifungua simu nakuta "dada, tiketi shilingi ngapi?" Kabla sijajibu, mwingine kashajibu kwa niaba yangu: "Milioni mbili hiyo, anaringa huyo." Mwingine anasema juzi tu nilikuwa nalia hali ngumu, leo niko kwa Coldplay.

Nililipa pauni 20 kwa tiketi moja. Kwa bei ya siku ile ni kama Sh 67,000 za kwetu Tanzania, na ada ya kununulia kidogo juu yake.

Bendi yenyewe ndiyo inayotoa hizo tiketi, zinaitwa Infinity Tickets. Lazima ununue mbili, huwezi kuchukua moja wala tatu. Viti vinakuwa pamoja, ila hujui ni wapi mpaka siku yenyewe ufike dirishani uchukue tiketi zako. Unaweza kupangiwa chini karibu na jukwaa, unaweza kupangiwa juu kabisa usawa wa paa. Ndiyo maana zina bei hiyo. Zile za kawaida nilijaribu Septemba 2024, nikakaa kwenye foleni ya mtandaoni asubuhi nzima, mbele yangu watu zaidi ya 200,000. Zamu yangu ilipofika zilizobaki zilikuwa za bei ambayo mimi siwezi, nikafunga kompyuta nikaenda kazini.

Kuhusu kulia hali ngumu. Nilichoeleza ile siku ni kibali cha ukaazi. Mimi niko huku kwa kibali cha mwenza, na ukiongeza muda unapewa miaka miwili na nusu. Mbali na ada ya maombi yenyewe, kuna ada ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka, na unailipa yote kwa mkupuo. Piga hesabu: pauni 2,587.50. Ni zaidi ya Sh milioni 8, na hapo kwenye mshahara unakatwa kodi kama kila mtu. Hiyo ndiyo iliyoniliza. Nililipa kwa pesa ya zamu za usiku na kwa mchezo wa kuchangiana pesa tunaocheza akina mama wanane hapa Northampton. Kwa hiyo anayeniambia pauni 20 ndiyo zimenifilisi, naomba aangalie tena ile video ya kibali.

Na kibali hicho hicho nusura kininyime shoo. Dirishani wanataka kitambulisho chenye picha na kadi ya benki uliyolipia. Pasipoti yangu nilikuwa nimeipeleka kubadilishwa, wiki ya saba hiyo na simu hazipokelewi. Kadi ya ukaazi ilikwisha muda tarehe 31 Desemba 2024 kama za watu wengine wengi, siku hizi kibali kiko mtandaoni, huna cha kushika mkononi. Nimesimama pale na simu, namwonyesha yule kijana ukurasa wa kibali, anatikisa kichwa. Nyuma yangu foleni inasogea. Dada niliyekwenda naye, mtu wa Kigoma, tunafanya kazi pamoja, ananiambia kwa sauti ya chini, "Mama, leseni. Si una leseni?" Nilikuwa nayo, ile ya kujifunzia gari. Niliiomba mwaka juzi kwa pauni 34 na gari lenyewe sijaligusa. Nikaitoa. Kijana akaangalia picha, akaniangalia mimi, akachapa jina, akanipa bahasha. Mikono ilikuwa inatetemeka, yule dada ndiye aliyeifungua.

Ghorofa ya juu kabisa.

Sikuhuzunika hata kidogo. Uwanja ule unachukua watu 90,000 na paa lake halifuniki katikati, kwa hiyo ukikaa juu unaona watu wote na anga pamoja. Agosti huku jua linazama kwenye saa 2 usiku. Mlangoni kila mtu anapewa bangili yenye taa, huilipii. Taa hizo huwashi wewe, wanaziendesha wao. Giza lilipoingia, uwanja mzima ukawa mwekundu kwa mara moja. Upepo unakuja kutoka kule wazi juu, baridi, na mkono wangu mwenyewe unawaka pamoja na mikono ya watu nisiowajua. Waliokuwa chini walimwona Chris Martin, mwimbaji wao, kwa karibu, sawa. Lakini ule wekundu wote hawakuuona. Mimi niliuona.

Kuna aliyeandika kwamba nimesahau Msondo na Sikinde, bendi zetu za dansi za Dar. Kaka yangu, mimi nimezaliwa Temeke. Muziki wa wazi nimeujua nikiwa na miaka tisa, baba kanishika mkono tunamwangalia mpiga gitaa la solo, watu wanainuka kwenye viti vya plastiki kwenda kumtunza mwimbaji, noti inabandikwa kwenye paji la uso lenye jasho. Baba hakuwa na pesa ya kutunza, ila alikuwa anasimama mpaka wimbo uishe. Wale wazee walipiga miaka na miaka, na kumbi zao zimefungwa moja baada ya nyingine. Niliposikia kwamba Coldplay kwenye zile shoo 10 za Wembley za 2025 wanatoa asilimia 10 ya mapato yao kusaidia kumbi ndogo za muziki za Uingereza, nilimfikiria baba. Inaniuma, na sioni aibu kusema inaniuma.

Sasa la mwisho, maana hili nalo mmeuliza sana: mbona video inakatika, nilifukuzwa? Hapana. Walipoanza ule wimbo wao wa anga lenye nyota, A Sky Full of Stars, Chris Martin aliusimamisha katikati, akaomba watu waweke simu na kamera mfukoni, wimbo mmoja tu. Ameomba hivyo kwenye shoo nyingi. Mimi kazi yangu ni kuwaonyesha nyinyi, na nilijua hicho ndicho kipande mtakachokitaka. Niliweka simu kwenye mkoba nikafunga zipu. Wakaanza upya. Yule dada wa Kigoma hajui hata mstari mmoja, akanishika mkono, tukaruka mpaka kiti cha mbele kikawa kinagonga magoti. Nilikuwa nalia. Mama yangu alifariki mwaka wangu wa kwanza huku, sikuweza kwenda kumzika kwa ajili ya karatasi hizi hizi, na sikuwahi kulia mbele za watu mpaka usiku ule.

Siwaambii mfanye kama mimi. Kuna mwenye deni la nauli, kuna anayesomesha wadogo zake, kuna asiyeweza kuacha zamu ya Jumamosi. Hii ni hali yangu na mfuko wangu. Anayetaka kujaribu hizo za pauni 20 wakizitoa tena, afuatilie matangazo ya bendi yenyewe, na kitambulisho kiwe mkononi kabla hajalipa.

Na wale mnaoniomba ile bangili, sinayo. Ukitoka unairudisha, kuna mapipa pale njiani, kwenye skrini wanaonyesha kila mji umerudisha asilimia ngapi. Yangu nilishuka nayo ngazi mpaka chini, nikasubiri yule dada avue yake, tukaziweka pamoja, kisha tukakimbilia basi.