Kuku mwenye miguu minne

MWANAIDI: Haya, tumerudi. Kassim, kabla hujafungua mdomo, nina jambo la kuungama.

KASSIM: Nilishalishuku tangu ulipoingia. Kitabu changu umekileta kimeviringishwa kwenye kitambaa kama kichanga. Nimekaa hapa najiuliza, kitabu kinaona baridi?

MWANAIDI: Kimechorwa.

KASSIM: Najua kimechorwa. Ni riwaya ya picha.

MWANAIDI: Kimechorwa tena. (anacheka) Rehema.

KASSIM: La hasha.

MWANAIDI: Jumatano jioni. Mimi napokea simu, yeye kimya. Nawe unaujua ukimya wa mtoto wa miaka sita, ni king'ora. Namaliza simu naingia chumbani, namkuta kalala kifudifudi, kalamu za rangi zimetapakaa sakafuni, kitabu cha anko Kassim kiko wazi mbele yake.

KASSIM: Lete hapa. Lete, lete.

(Sauti ya kurasa)

KASSIM: Ee Mola wangu. Amempaka njano.

MWANAIDI: Yule mtoto wa kitabuni tu. Watu wengine wote kawaacha kama walivyo.

KASSIM: Wasikilizaji wetu, kwa ambao hawakuwa nasi wiki mbili zilizopita: kitabu ni Rosalie Lightning, cha Mmarekani Tom Hart, kilichotoka 2016. Hart ni mchoraji wa vibonzo. Mwaka 2011 binti yake Rosalie alifariki ghafla, akiwa bado kidogo atimize miaka miwili. Muda si mrefu baada ya hapo baba mtu akaanza kuchora. Kitabu kizima ni cheusi na cheupe. Kilikuwa.

MWANAIDI: Sasa fungua pale nilipoweka karatasi.

KASSIM: Hapa? Huyu ni nani?

MWANAIDI: Kuku.

KASSIM: Ana miguu minne.

MWANAIDI: Nilimwuliza. Akasema miwili ya mbele ni ya kushikia.

KASSIM: (anacheka) Ya kushikia nini?

MWANAIDI: Baba mtu. Eti baba amekaa peke yake, hana wa kumshika, ndiyo maana kuku amekuja. Kassim, niliishiwa maneno. Niliingia na kelele zote kifuani, nikatoka kimya.

KASSIM: Mimi ningetoka na kelele zangu zote.

MWANAIDI: Ulisema leo tuna mafunzo matatu ya kuwapa watu.

KASSIM: Nimeyaandika hapa. La kwanza, kuhusu zile hatua tano za huzuni ambazo kila mtu anazitaja. Lakini subiri, huyu kuku ana mkia wa samaki?

MWANAIDI: Hilo ni gauni.

KASSIM: Kuku amevaa gauni.

MWANAIDI: Anakwenda kwenye msiba, avae nini?

(Wanacheka)

KASSIM: Basi la kwanza. Hatua tano: kukataa, hasira, kubembeleza, sonona, kukubali. Elisabeth Kübler-Ross, 1969. Watu huzipa wafiwa kama ratiba ya basi, wakati zilitokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wanaelekea kufa wenyewe. Katika kitabu hiki hakuna ngazi ya kupanda. Hart anarudi nyuma, anaruka mbele, anamkumbuka mtoto akiwa hai, anakumbuka filamu na vibonzo vya watu wengine akitafuta aliyewahi kupita njia hii. Mbegu ya mwaloni inatokea, inapotea, inatokea tena. Na hapa Rehema kaipaka rangi gani mbegu?

MWANAIDI: Zambarau.

KASSIM: Zambarau. Sawa.

MWANAIDI: Umekasirika kweli au unacheza?

KASSIM: Nusu kwa nusu. Kitabu nitanunua kingine, si hoja. Kinachonichoma ni ile njano. Ngoja nikueleze, na naomba usinicheke. Scott McCloud aliandika kuhusu namna vibonzo vinavyofanya kazi, 1993, na jambo moja alilolieleza vizuri ni ule mwanya kati ya fremu na fremu. Kwenye fremu hii mtoto kasimama. Fremu inayofuata, kitanda kitupu. Kilichotokea katikati hakikuchorwa, kimemalizikia kichwani mwako wewe msomaji. Kwenye kitabu cha msiba, mwanya ule ndiyo kaburi lenyewe. Na weupe ule mwingine, wa kwenye michoro, ni ndugu yake. Mtu ameamua kuacha patupu. Sasa anakuja mtu mwingine na kalamu ya njano.

MWANAIDI: Huyo mtu mwingine ana miaka sita.

KASSIM: Simlaumu Rehema. Nakulaumu wewe unayenionyesha kwa fahari.

MWANAIDI: Nionee tu. Lakini sikiliza na wewe. Umesema mwenyewe kwamba mwanya humalizikia kichwani mwa msomaji. Rehema ni msomaji. Hajui kusoma Kiingereza hata neno moja. Amefungua kitabu cha picha, akaona mtoto hana rangi, akaniuliza, "Mama, mbona huyu hawajammalizia?" Ndivyo alivyosema. Hawajammalizia. Sasa niambie, kuna aliyesoma kitabu hicho vizuri zaidi kati yetu watatu?

KASSIM: Swali zuri. Jibu lake baya.

MWANAIDI: Kwa nini baya?

KASSIM: Kwa sababu hakumalizwa. Hapo ndipo penyewe! Hakumalizwa, basi. Ukimmalizia wewe, umemwondolea baba kitu pekee alichobaki nacho.

(Kimya kifupi)

MWANAIDI: Hapa hatuongelei Hart.

KASSIM: Hatuongelei Hart, ndiyo.

MWANAIDI: Sema kama unataka. Kama hutaki, turudi kwa kuku.

KASSIM: Nitasema, bila jina. Mnajua nina kaka. Mtoto wake wa kwanza alifariki mdogo. Miaka yote ile tulikuwa tunamwita Baba Fulani, kwa jina la yule mtoto. Akaja mtoto wa pili. Watu, kwa nia njema kabisa, wakaanza kumwita Baba wa huyu wa pili. Hakuna aliyekaa kikao kukubaliana. Siku moja tu jina la kwanza likawa limetoka midomoni mwa watu wote. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Tuliona tunampunguzia. Miaka minane baadaye, tuko garini, ananiambia, "Siku mliyoacha kuniita vile, ndiyo nilizika mara ya pili."

MWANAIDI: Pole sana, kaka.

KASSIM: Asante. Ndiyo maana nikiona mtu anapaka njano, mwili unanisisimka.

MWANAIDI: Nimekuelewa. Na bado sikubaliani na wewe.

KASSIM: (anacheka) Nilijua.

MWANAIDI: Kwa sababu nyinyi mlifuta. Mlichukua jina mkaliondoa, mkaweka jingine juu yake. Rehema hakufuta kitu. Kila mstari wa Hart upo pale pale, angalia. Alichofanya ni kumwita. Angekuwa amempaka rangi kila mtu, ningesema mtoto anacheza. Kampaka mmoja tu, aliyekufa, kila ukurasa aliofika. Na sikumwambia kwamba amekufa.

KASSIM: Hukumwambia?

MWANAIDI: Wallahi sikumwambia.

KASSIM: Basi alijuaje?

MWANAIDI: Nilidhani wewe utaniambia, mwenye vitabu.

KASSIM: Labda kwa sababu ndiye anayeangaliwa na wote kwenye picha. Sijui. Lakini hata hivyo, Mama Rehema, kumwita kwa rangi gani? Kwa rangi ya nani? Kaka yangu hakutaka mtu amchagulie jina, la zamani wala jipya. Alitaka aulizwe.

MWANAIDI: Mfiwa unamwuliza? "Samahani, leo unataka uitwe nani?"

KASSIM: Ndiyo! Tatizo liko wapi?

MWANAIDI: Ukimwuliza umempa kazi. Mtu hana nguvu ya kufunga kamba za viatu, wewe unamletea fomu ajaze. Mimi nilipofiwa na mama, waliouliza "unahitaji nini" sikuwajibu hata mmoja. Nilimjibu yule aliyeingia jikoni akaanza kuosha vyombo, na vyombo vyenyewe alikuwa anavipanga kombo.

KASSIM: Kumpoteza mama si kumpoteza mtoto.

MWANAIDI: Sikusema ni sawa.

KASSIM: Umelinganisha.

MWANAIDI: Nimelinganisha vyombo, Kassim. Sikulinganisha makaburi.

(Kimya)

KASSIM: Sawa. Hilo nalirudisha.

MWANAIDI: Kuna watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, 1999, walieleza kwamba mfiwa anakwenda na kurudi. Saa hii amezama kwenye msiba, saa ijayo anatafuta chaji ya simu, anacheka, anagombana na fundi, kisha anazama tena. Na kwamba huko kwenda na kurudi ndiko kumudu kwenyewe, si kukimbia. Kuku wa Rehema ni ile saa ya chaji. Huwezi kumkalisha baba wa watu kwenye weupe kurasa zote zile bila kuku.

KASSIM: Naikubali nadharia yako, kuku namkataa. Anayekwenda na kurudi ni mfiwa mwenyewe. Anajua saa yake. Ndani ya hicho kitabu kuna vichekesho, vipo, Hart kaviweka mwenyewe kwa mkono wake, mahali alipoweza. Kuku huyu kaletwa na jirani asiyebisha hodi.

MWANAIDI: Jirani mzuri habishi hodi.

KASSIM: Jirani mzuri anabisha, anasubiri!

MWANAIDI: Hatutafika.

KASSIM: Hatufiki. Na mama wa Rosalie, tusimsahau, Leela Corman, naye ni mchoraji, naye alichora msiba huo huo kwa vibonzo vyake vifupi. Nyumba moja, mtoto mmoja, wazazi wawili wenye kalamu, na hawakuchora kitu kimoja. Hilo lilikuwa funzo la pili, kwa taarifa yako. Nilitaka tulikalie dakika kumi.

MWANAIDI: Tumebakiwa na ngapi?

KASSIM: Mtu wa mitambo ananionyesha vidole... vinne. Hapana, hivyo vinne ni miguu ya kuku, ananitania. Viwili.

(Wanacheka)

MWANAIDI: Funzo la tatu lilikuwa lipi? Sema haraka.

KASSIM: Uponyaji. Kama kuchora kunaponya.

MWANAIDI: Kwa dakika mbili?

KASSIM: Haiwezekani. Niseme hivi tu: mtu aliyekopeshwa kitabu hiki asikisome kwa usiku mmoja. Kitabu cha picha kina hila, macho yanafika mwisho wakati moyo bado uko ukurasa wa kumi. Wewe ulikisoma siku ngapi?

MWANAIDI: Usiku mmoja.

KASSIM: Nilijua. Pole.

MWANAIDI: Pole ya msiba au ya kwenda polepole?

KASSIM: Zote. Na ujumbe wa wasikilizaji wiki hii hatujasoma hata mmoja.

MWANAIDI: Tutausoma wiki ijayo. Yule dada aliyeandika kuhusu mwanawe, tumekuona, barua yako tumeiweka pembeni, hatutaki kuisoma mbiombio.

KASSIM: Ahsante kwa kulikumbuka hilo. Haya, nipe kitabu changu, niondoke nacho na rangi zake.

MWANAIDI: Ee... kuhusu hilo.

KASSIM: Nini tena?

MWANAIDI: Nilimwahidi nitarudi nacho. Amefika katikati tu.

KASSIM: Mama Rehema!

MWANAIDI: Anakuulizia jambo moja, amenituma. Anauliza kama kuku anaweza kuwepo na kwenye ukurasa wa mwisho.

KASSIM: Kanitumia swali?

MWANAIDI: Ndiyo. Anabisha hodi.

KASSIM: (anacheka, kisha kimya) Mwambie... mwambie anko bado anafikiri. Zima maiki.