Uso Uliopinda Upande Mmoja

Waheshimiwa wasikilizaji,

Nitaanza na paji la uso, kwa kuwa ndilo linalosahaulika. Mtu huamka asubuhi, akisukutua maji yakamchuruzika pembeni mwa mdomo, akitazama kioo akauona uso wake umevutwa upande. Jamaa zake huwa na hukumu mbili tu: ama ni kiharusi, ama amepigwa kofi na jini. Kabla ya kukubali hukumu yoyote, mwambieni ainue nyusi kana kwamba ameshangaa.

Misuli ya paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, na kwa sababu hiyo kiharusi kinachoharibu upande mmoja wa ubongo kwa kawaida huliacha paji likikunjamana vizuri ilhali shavu na mdomo vimelegea. Lakini neva ya uso yenyewe, yaani mshipa wa fahamu unaoiamuru misuli ya uso, inapoumia baada ya kutoka kwenye ubongo, nusu nzima ya uso hulala: paji huwa laini kama la mtoto, jicho halifumbi, na mdomo huvutwa kuelekea upande ulio mzima. Hata hivyo, kipimo hiki si ruhusa ya kubaki nyumbani. Mkono au mguu ukipoteza nguvu, au maneno yakimkwama, mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile.

Neva hiyo ni ya 7 katika jozi 12 za neva za kichwa, na ugonjwa wake ulio wa kawaida zaidi huitwa kwa jina la Charles Bell, daktari mpasuaji wa Uskoti aliyewasilisha utafiti wake kuhusu neva mjini London mwaka 1821. Neva hupita katika mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio, hivyo ikivimba haina pa kutanukia, nayo hujibana yenyewe. Virusi vya jamii ya herpesi, mfano vile vinavyoleta malengelenge mdomoni, hushukiwa kuchochea uvimbe huo. Humo humo hupita nyuzi za ladha na za kamsuli kadogo kanachopunguza makali ya sauti sikioni, na ndiyo maana mgonjwa akisema chakula hakina ladha na kelele zinamuumiza, asidhaniwe anadeka.

Wengi hupona hata bila dawa. Dawa ya predinisoloni, ambayo ni steroidi ya kupunguza uvimbe, hata hivyo huongeza idadi ya wanaopona kabisa, mradi ianzwe ndani ya saa 72: katika utafiti wa Uskoti uliochapishwa mwaka 2007, baada ya miezi 9 walikuwa wamepona takriban 94 katika kila 100 waliopewa dawa hiyo, na takriban 82 kwa wasiopewa. Saa hizo ndizo tunazozipoteza kwa kuchua, kufukiza na kungojea upepo utoke. Mwenye kisukari asijinunulie dawa hii dukani, kwani hupandisha sukari.

Jicho lina haraka yake. Lisipofumba hukauka, na kioo cha jicho kikipata kidonda, uso unaweza kupona na uoni usirudi. Mgonjwa atumie machozi ya bandia mchana, marhamu ya macho usiku, na kope zifungwe kwa plasta anapolala.

Si kila uso uliopinda ni ugonjwa wa Bell. Malengelenge sikioni yanaashiria mkanda wa jeshi, ambao huhitaji pia dawa ya virusi. Usaha wa sikio na uvimbe wa tezi ya mate hutafutiwa tiba yake. Udhaifu unaoongezeka polepole kwa majuma huchunguzwa kama kuna uvimbe unaoota ndani. Kwetu Afrika Mashariki ni busara kupima VVU pia, maana hali hii huweza kuwa dalili yake ya mapema.

Baada ya miezi 3 bila nafuu, mgonjwa aonwe na bingwa. Wakati mwingine nyuzi zinazoota upya hukosea njia, mtu akitabasamu jicho linafumba, au akitafuna anatokwa machozi. Hapo husaidia mazoezi ya taratibu mbele ya kioo, na kwa wengine sindano ya botulini inayolegeza misuli, wala si kuukaza uso kwa nguvu wala kuushtua kwa umeme.